Bwana Harusi Hakuulizwa Ukoo

Jumapili, 1 Septemba

Bwana Harusi amechaguliwa! Salamu nitatoa baadaye. Amechaguliwa, fahali wangu mwenyewe, mtoto wa Kawempe aliyelelewa kwa maganda ya matoke na machicha ya bia, ataingia uwanja wa maonyesho ya mifugo pamoja na mafahali wa matajiri wenye mashamba yasiyo na mwisho. Ni Jumamosi ya tarehe 30 Novemba. Wakaguzi walikuja watatu wakamzunguka kama watu wanaonunua gari. Mmoja akapitisha kiganja mgongoni kwake, toka mabegani mpaka penye mkia, akasema mgongo huu mtu anaweza kuandalia chai. Mwingine akainama kutazama kwato. Nikamwambia, bwana, usijichoshe, kila kitu chake ni kizuri.

Sasa salamu. Daftari, hujambo. Umeletwa na binti yangu Nabalayo, anayesomea udaktari wa wanyama chuo kikuu na kulala hosteli pale Wandegeya. Amesema, "Mama, haya yote unayonipigia simu nikiwa darasani, yaandike. Nitayasoma nikija Jumamosi." Haya, ninaandika. Mimi niliishia darasa la saba kule Bungoma, lakini aliyemzaa daktari ni nani? Si mimi?

Na huyu fahali pia kama nimemzaa. Ni mweusi kote, isipokuwa miguu minne iliyovaa soksi nyeupe na kifua chenye shati jeupe. Tangu ndama alikuwa akitembea polepole, kichwa juu, kama mtu anayejua anapigwa picha. Ndiyo maana ya jina. Mama yake ni Sikukuu, ng'ombe aliyenunuliwa na marehemu mume wangu Wanyama. Wanyama alikuja Kampala kuuza vipuri vya pikipiki, na alipopata faida ya kwanza hakununua kochi kama wenzake. Alirudi nyumbani siku ya Krismasi akiburuta ndama kwa kamba. Nilimnunia siku mbili. Leo ningempikia kuku.

Jumanne, 3 Septemba

Joto. Mvua bado. Bwana Harusi amekula vizuri kuliko mimi.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo tumemfundisha kutembea na hatamu, kusimama, miguu ya mbele sawa, ya nyuma moja mbele kidogo ili mgongo uonekane. Nabalayo alivuta, mimi nikawa mwamuzi. Watu walijaa mlangoni. Sumayiya, anayeniletea maganda ya matoke kwa baiskeli, alipiga vigelegele mpaka fahali akageuza kichwa kumtafuta. Nimewaambia wote, Jumamosi ya tarehe 30 tutakodi basi, twende kushangilia pamoja. Wote waje. Atakayebaki nyumbani asije kuniomba picha.

Alanyo naye alikuja, akasimama nyuma kama kawaida yake. Huyu ni rafiki yangu, Mama Obita, mjane wa polisi, mtu wa kaskazini. Mumewe alipofariki walimtaka aachie nyumba ya kambi kule Naguru, akahamia huku na wajukuu na masufuria. Nilimhurumia. Sikukuu alipozaa jike, mwaka mmoja kabla ya kumzaa Bwana Harusi, nilimpa Alanyo ndama yule, bure. Kwetu ukimpa mtu ng'ombe amekuwa wa nyumba yako. Alimwita Apwoyo, kwao ni "asante". Lakini niseme kweli, kutunza hajui. Banda lake linanuka, na Apwoyo amekonda mabegani.

Sasa Apwoyo ana mimba ya Bwana Harusi, na Sikukuu vilevile. Mtaani watu walishangaa, fahali na mama yake? Fahali na dada yake? Nikawaambia ukitaka uji mzito unaongeza unga uleule. Ng'ombe wa majirani anawapanda kwa malipo, hiyo ni biashara, lakini katika ukoo wa Sikukuu uzuri huu sitaki uchanganywe na ng'ombe wa barabarani. Fikiria ndama mwenye soksi pande zote mbili za ukoo!

(Nabalayo, ukisoma hapa, usikunje uso. Uliniambia neno siku ile, nimelisikia. Wewe una vitabu, mimi nina macho.)

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua ya kwanza. Mtaro umeamka.

Jumamosi, 21 Septemba

Leo nilipata mgeni wa maana. Bwana Aristide, Mkongo, mtu wa viatu vinavyong'aa hata kwenye tope letu. Ana ng'ombe wengi mbali huko magharibi na amesikia habari. Hakusema mengi. Alimtazama Bwana Harusi muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akamtazama tena. Kisha akasema, "Mama, huyu miye namutaka. Baada ya maonyesho, akiwa na utepe shingoni, atapanda majike yangu yote."

Majike yake yote! Sikukuu, umesikia? Wajukuu wako watajaa nchi. Nilimkaribisha chai akakaa kwenye kiti cha Wanyama, sikumkataza.

Alanyo alipita wakati ule akamkuta. Alisalimia akaondoka haraka. Nilifikiri ni wivu kidogo. Ni binadamu.

Jumamosi, 28 Septemba

Mvua siku ya nne mfululizo. Nepia, majani ya kulisha ng'ombe, imelala chini, haikatiki. Machicha yamepanda bei. Nabalayo hakuja, ana mtihani. Nimemsugua Bwana Harusi soksi zake kwa sabuni ya kufulia na brashi ya viatu, zikawaka.

Jumatano, 2 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Alanyo aliniita alfajiri, Apwoyo alikuwa anazaa. Nilikwenda na kanga yangu nzuri, nikijua natazama ndama wa Bwana Harusi wa kwanza kabisa. Alitoka vizuri, kichwa na miguu ya mbele, mweusi, shati jeupe kifuani. Soksi nazo. Nilianza kuimba. Alanyo alikuwa amepiga magoti akimfuta kwa majani makavu, akafika kwenye miguu akaacha kufuta.

Nilichukua tochi. Ng'ombe ana kwato iliyopasuka mbele, vidole viwili, mtoto mdogo anajua. Ndama huyu miguu ya mbele haikupasuka. Kwato moja nzima, ya mviringo. Punda. Nilipitisha kidole nitafute mahali pa kupasuka, hapakuwapo. Ndama akajaribu kusimama akaanguka kwa pua.

Alanyo alisema taratibu, "Mama Nabalayo, hii ni kitu gani?"

Nikamjibu mimi sijui, mwulize mwenye banda. Ndivyo nilivyomjibu. Nikamwuliza alimlisha nini ng'ombe huyu, alimnywesha maji ya mtaro? Alimpitisha wapi? Alirudi kumfuta ndama. Nikachukua tochi yangu nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nabalayo alikwenda kwa Alanyo kabla ya kuja kwangu. Hilo liliniuma tayari. Akarudi, akanawa mikono, akaingia bandani akang'oa nywele za mkia wa Bwana Harusi, na za Sikukuu pia, akatia kwenye bahasha. Nikamwuliza ni uchawi gani huu. Akasema mwalimu wake atazipeleka mahali zipimwe. Ugonjwa wa kwato ile unajulikana, ni wa damu, unatoka kwa baba na mama, wote wawili pamoja, mmoja peke yake hawezi. Mnyama anaweza kuubeba maisha yake yote bila kuumwa, bila kuonekana.

Nikamwambia fahali wangu alikaguliwa na watu watatu wenye koti jeupe. Mmoja alitazama kwato hasa. Akasema, "Mama, hawakutazama ndani."

Nikamwambia arudi hosteli, mvua inakuja. Alirudi. Mvua haikuja.

Jumatano, 9 Oktoba

Mtaa mzima unazungumza. Ndama wa punda, wanasema. Wengine wanasema Alanyo ana deni na wafu wa kwao, wengine wanasema mumewe alimpiga mtu risasi zamani na sasa linarudi. Leo penye bomba la maji waliniuliza mimi, mwenye fahali. Wanawake walikuwa wengi, madumu yamepanga foleni. Alanyo mwenyewe alikuwa nyuma, na dumu lake la njano.

Nilisema fahali wangu ni safi. Nikasema huyo hajui kutunza ng'ombe, nilimpa mzima akamharibu, na mambo mengine ya nyumbani kwake siyajui.

Mambo mengine ya nyumbani kwake. Ninayaandika hapa nione yanavyokaa kwenye karatasi.

Alanyo hakungoja zamu yake. Aliondoka na dumu tupu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mafuriko. Maji yaliingia mpaka kizingitini. Nimemsimamisha Bwana Harusi juu ya mbao ili soksi zisioze. Sikukuu ana tumbo kubwa, anapumua kwa shida.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ndama wa Alanyo amekufa. Sumayiya ndiye aliyeniambia kwamba ndama alikuwa hawezi kutembea kwenye tope, akawa anatambaa kwa magoti mpaka magoti yakatoka vidonda. Alanyo alimbeba mgongoni kwa leso, kama mtoto wa mtu, kumtoa kwenye maji. Alimbeba hivyo siku nyingi.

Sumayiya alisema hayo akimwaga maganda, hakunitazama. Akaongeza, "Wewe ulikuwa hujui?" Banda la Alanyo na langu yanatenganishwa na mabati.

Jumapili, 27 Oktoba

Wiki hii Nabalayo hataliona daftari hili.

Sikukuu amezaa jike, wakati watu wako kanisani. Nilikuwa peke yangu, nikashukuru kuwa peke yangu. Niliona soksi kwanza. Uso ni wa Sikukuu kabisa, ile nyota ndogo kwenye paji. Wanyama alikuwa anaiita "stempu". Niliufuta uso mara mbili, tatu. Nilijua nikiumaliza uso itabidi nishuke kwenye miguu.

Ile ya mbele. Yote miwili.

Hapa hapakuwa na maji ya mtaro, wala banda chafu, wala wafu wa kaskazini. Ni banda langu, ng'ombe wa Wanyama, fahali wangu. Nilikaa kwenye majani na kichwa cha ndama mapajani. Nilisikia watu wakirudi kutoka kanisani wakicheka barabarani. Nikachana gunia nikamfunga miguu ya mbele, nikazungushia kamba, ili mtu akichungulia aone kama ana jeraha.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimewaambia watu ndama ana baridi. Haonwi.

Jumatano, 30 Oktoba

Bwana Aristide alipiga simu kuuliza kama Sikukuu amezaa. Nikasema bado.

Jumamosi, 2 Novemba

Nabalayo alikuja. Nilimkuta barabarani kabla hajafika, nikampa ndizi na nyama kwenye kontena, nikamwambia nakwenda msibani, arudi tu asome. Msiba wa nani, akauliza. Nikataja jina la mtu ambaye hayupo duniani wala hakuwahi kuwapo. Alilipokea lile kontena kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha. Akasema, "Pole, Mama." Alikwisha jua, sasa ninaona. Alinipa nafasi ya kusema, sikuichukua.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua imekatika ghafla na jua limetoka kama mtu mwenye hasira. Bati la banda limekuwa kikaango. Ng'ombe wengine walitafuta kivuli, wakatafuna, basi. Yule mdogo alianza kuhema. Ulimi nje, mbavu zinakwenda kama cherehani, mwili ukiugusa unaungua. Nilimwagia maji. Nilimpepea kwa sinia. Nikafungua yale magunia, nikifikiri labda ndiyo yanayompa joto, na kwato zile zikabaki wazi mbele ya mtu yeyote, sikujali tena.

Nilimpigia Nabalayo. Nilisema, "Mwanangu, njoo. Ni kwangu pia."

Alikuja kwa boda na mkoba wake, amevaa koti lile jeupe, sikuwahi kumwona amelivaa kazini. Alikuwa daktari kweli. Laiti ningemwona hivyo kwa mara ya kwanza siku nyingine. Alimpima joto, akamchoma sindano, akamlaza penye unyevu. Alisema ndama wa namna hii joto la jua linawashinda, ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Hakusema nilikuambia. Nilikuwa ninangoja aseme ili nimfokee.

Tulipokaa nikamwuliza kwa nini. Wapi nilipokosea, kama si chakula, kama si maji? Akafikiri, akachora ardhini kwa kijiti: Sikukuu juu, chini yake Apwoyo na Bwana Harusi. Akafuta. Akaniuliza swali.

"Mama, mtu akija kutaka kunioa, utamwuliza nini kwanza?"

Nikasema, "Ukoo wake. Na ukoo wa mama yake."

"Kwa nini?"

"Huwezi kuolewa na damu yako. Wala ya mama yako. Hata bibi yangu asiyejua kusoma alijua hilo."

Akampapasa ndama shingoni. Kisha akasema, "Bwana Harusi ulimwuliza?"

Mimi, mtu wa Bungoma, ninayejua koo za watu mpaka kwa babu wa babu, ambaye mwaka juzi nilimfukuza kijana mzuri mlangoni kwa sababu bibi yake upande wa mama alikuwa wa kwetu. Nilimwita bwana harusi, nikamvalisha soksi, na nikamwoza mama yake na dada yake.

Jumatano, 6 Novemba

Amekufa asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Sikukuu anamwita mpaka sasa.

Ijumaa, 8 Novemba

Nilikwenda kwa Alanyo. Nilibeba sukari, nikaona sukari ni aibu, nikairudisha ndani, nikaenda mikono mitupu.

Banda lake halinuki. Sijui nilinusa nini siku zile. Apwoyo anakonda kwa sababu ananyonyesha nyumba nzima, wajukuu wanne wanakunywa kwake. Alanyo alikuwa anakamua, hakusimama, akaniashiria kigoda. Nilimweleza yote. Ndama wangu, magunia, mchoro wa kijiti. Nikasema ule ugonjwa ulitoka kwangu, nilikupa ndani ya zawadi, kisha nikakutukana nao mbele ya watu. Alimaliza kukamua chuchu ya mwisho, akafunika ndoo.

Akasema, "Ile siku ya bomba, mimi nilikuwa nangoja utaje jina yangu tu. Hata utukane, lakini utaje. Tumekula pamoja miaka sita. Ukasema 'huyo'."

Aliingia ndani akatoka na vikombe viwili. Chai ilikuwa ya maziwa ya Apwoyo. Tukanywa. Hakuniambia ameshanisamehe wala hajanisamehe. Nilipoondoka alisema Sikukuu analia sana, nimpe chumvi kidogo na nimkamue mara nyingi, itampunguzia. Basi.

Jumatano, 13 Novemba

Majibu ya nywele yamekuja. Nabalayo alinipigia, akauliza kama nimekaa. Sikukuu anaubeba. Bwana Harusi anaubeba. Kwake hauonekani, haumwi, ataishi mzuri hivyohivyo mpaka azeeke. Lakini kila ndama wake huenda akapewa mzigo ule ndani kwa ndani, na siku wawili wenye mzigo wakikutana, basi kwato.

Sikukuu anaweza kubaki na kuzaa, tukimpatia mbegu ya fahali mgeni aliyepimwa. Bwana Harusi, hapana. Asipande tena.

Nilikwenda bandani nikasimama naye. Ana mgongo wa kuandalia chai. Hilo halikuwa uongo. Na kila kilichokuwa kizuri kwake nilikiona, hakuna nilichokosa kukiona.

Jumamosi, 16 Novemba

Bwana Aristide. Viatu vilevile. Nilimweleza mlangoni, sikumkalisha, nikijua akikaa kwenye kile kiti nitashindwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama wakaguzi wa maonyesho wanajua. Nikasema hawajui. Akauliza kama kwa macho kuna kitu kinaonekana. Nikasema hakuna. Akatabasamu kwa upole, si mtu mbaya, akasema, "Basi, mama, na miye sijasikia kitu. Majike yangu si ndugu zake. Wewe unyamaze, tuende uwanjani, tuchukue utepe yetu."

Daftari, nilinyamaza kweli. Nilinyamaza muda wa kutosha kuona basi limejaa watu, vigelegele vya Sumayiya, utepe juu ya lile shati jeupe, Nabalayo akivuta hatamu mbele ya matajiri, na mtu wa spika akitaja Kawempe. Wanyama angekuwepo angetangulia kufika.

Kisha nikamwona ndama mgongoni kwa mwanamke, ndani ya leso, maji yamefika magotini. Si Alanyo, ni mwanamke mwingine, mbali huko magharibi, simjui, na hatamjua wa kumlaumu. Atajilaumu yeye na wafu wake.

Nikamwambia, "Bwana, majike yako nao watazaa mabinti. Na mabinti watakutana na makaka zao, kama hapa. Siuzi."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alimtazama fahali mara ya mwisho, akasema ni dhambi. Sikujua alikuwa na maana gani, sikumwuliza.

Jumatano, 20 Novemba

Nimewapigia watu wa maonyesho kusema tumejitoa. Waliuliza sababu, nikawaambia yote, wakasema pole, hakuna aliyewahi kupiga simu ya namna hiyo.

Nabalayo anasema tunaweza kumhasi tu, aishi. Nililala na hilo wazo siku mbili, tamu sana. Lakini mjini hapa hakuna jembe la kukokota. Nepia imeoza yote, na anachokula yeye ni cha Sikukuu na cha Apwoyo. Nami ninajijua. Nikiendelea kumwona kila asubuhi na soksi zake, siku moja atakuja mtu na jike lake na maneno matamu, atasema hakuhasiwa vizuri, tujaribu. Siyo yeye ninayemwogopa.

Fahali mzuri kwetu hauzwi buchani kwa kilo. Anachinjwa nyumbani na watu wanaitwa.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimezunguka kwa kila mtu ambaye ng'ombe wake alipandwa na Bwana Harusi. Nyumba kwa nyumba, na Nabalayo pembeni akieleza ng'ombe gani wapimwe na ndama gani wasizalishwe kati yao. Wengine walinifungia mlango. Mmoja alinitukania marehemu, nikasimama nikamsikiliza mpaka akamaliza. Mwingine alinishika mkono akalia pamoja nami, na ng'ombe wake hata mimba hakushika.

Penye bomba la maji nilingoja madumu yawe mengi. Nikasema kwa sauti ambayo Mungu amenipa, na unajua si ndogo, kwamba ugonjwa ulitoka bandani kwangu, na kwamba Alanyo, Mama Obita, Alanyo wa mabati ya jirani, hana kosa. Nilitaja jina lake mara tatu. Alikuwa nyuma na dumu la njano. Safari hii alingoja zamu yake.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua ndogo. Anakula vizuri. Hajui.

Jumatano, 27 Novemba

Mambo yamepangwa. Kaka yake Sumayiya ndiye atakayechinja, ili Waislamu wa mtaa wale bila wasiwasi. Kidari kitakwenda kwa Alanyo, kwetu kidari hakipewi mpita njia. Waliofunga milango nao wana fungu lao, nitawawekea, wakikataa watakula wajukuu wao. Nabalayo ataleta wenzake wa darasani. Amesema wanataka kunijua. Nikamwuliza kunijua kwa lipi, fahali hakushinda hata kikombe. Akasema, "Kwa hilo la simu, Mama." Sikumwelewa, lakini nimenunua kanga mpya.

Jambo moja tu halikuwa na mtu. Nani atashika hatamu. Nabalayo alisema atashika yeye, nikamkatalia. Mimi nilisema ni kazi yangu, nimemlea, atanifuata bila kusukumwa. Hilo ndilo lililonimaliza. Kweli atanifuata. Atatembea polepole, kichwa juu, akidhani ni mazoezi.

Jioni Alanyo alipita kwenye pengo la mabati, bila kubisha, kama zamani. Alimkuna Bwana Harusi kwenye paji. Akasema, "Kamba nitashika mimi. Wewe ulimuzaa."

Tukakaa.

Asubuhi ile nitamwosha kama nilivyopanga tangu mwanzo. Soksi kwa brashi ya viatu, mkia kwa kitana, mgongo mpaka ung'ae. Niliwaalika watu kuja kumwona siku hiyo, nami sijabadilisha siku. Wote waje. Jumamosi, tarehe 30 Novemba.